Sentensi Isiyo na Tarehe: Uhakiki wa Madai ya Lishe katika Kiswahili cha Afya, kwa Mfano wa Nakawa, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sentensi tatu za lishe zinazosikika katika mazungumzo ya kila siku na katika mafunzo ya afya Afrika Mashariki: kwamba protini hujenga mwili, kwamba vyakula fulani huongeza damu, na kwamba chakula cha asili hukinga mwili na maradhi. Kila sentensi inafuatiliwa hadi kwenye tafiti zilizoizaa au kuijaribu, baadhi zikiwa zilifanyika Mulago, kilomita chache kutoka Nakawa, na mojawapo Pemba. Hoja kuu ni kwamba sentensi hizi si uongo; ni matokeo ya utafiti yaliyopoteza masharti yake njiani, na sarufi ya Kiswahili imechangia upotevu huo. Kwa kuwa Uganda inapanua ufundishaji wa Kiswahili, makala yanapendekeza kuwa waandaaji wa vifaa vya afya wasitafsiri sentensi za zamani kabla ya kuzirudishia masharti hayo.

1.0 Utangulizi

Kiswahili cha Nakawa kina historia yake. Nyumba za wafanyakazi za Nakawa na Naguru, zilizojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kubomolewa mwaka 2011, ziliwakusanya watu kutoka pande nyingi za Uganda na Kenya. David Parkin alipoandika mwaka 1971 kuhusu uchaguzi wa lugha katika mitaa hiyo miwili, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizopaswa kuzishughulikia. Leo tarafa ya Nakawa ina makao makuu ya polisi huko Naguru, Wizara ya Ulinzi huko Mbuya na magereza ya Luzira, vyombo ambavyo vimekitumia Kiswahili kazini kwa vizazi kadhaa. Ina pia Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambako walimu huandaliwa, na soko kubwa kando ya barabara ya Jinja, ambako chakula huuzwa pamoja na maelezo yake: hiki cha damu, hiki cha nguvu, hiki cha mtoto asiyekua.

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, likipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji wa maamuzi hayo unahitaji vitabu, na vitabu vinahitaji matini za kusoma. Afya na lishe ni mada ambazo waandishi wa vitabu vya lugha huzikimbilia mapema, kwa kuwa msamiati wake ni wa nyumbani na faida yake haihitaji kutetewa. Ndiyo sababu swali la makala haya si la kinadharia tu: ni sentensi zipi za lishe zitakazoingia katika Kiswahili cha shule za Uganda, na zitaingia zikiwa na umri gani?

Uhakiki huu hauwasilishi takwimu za uchunguzi wa nyanjani. Unachukua aina tatu za sentensi ambazo msomaji yeyote wa ukanda huu amezisikia, na kuzisoma kama mhakiki anavyosoma matini: zinasema nini, zimeacha nini, na zimetoka wapi.

2.0 Sarufi ya dai

Madai mengi ya lishe katika Kiswahili hutumia kiambishi hu-. Maziwa hujenga mifupa. Bitiruti huongeza damu. Ndimu huyeyusha mafuta. Kiambishi hiki kina sifa ambayo kila mwanafunzi wa sarufi huikuta mapema: hakiambatani na kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Mimi hula, wewe hula, ng'ombe hula. Mtendaji hatambuliki kutokana na kitenzi, na wakati hautajwi kabisa. Ndiyo maana hu- ni kiambishi kipenzi cha methali. Haba na haba hujaza kibaba: jana, leo na kesho, kwa tajiri na kwa maskini.

Sentensi ya lishe inapovaa hu- huazima mamlaka ya methali. Husikika kama jambo ambalo wazee walilijua, hata kama lilipendekezwa na kamati mjini Geneva miaka michache iliyopita. Matumizi haya si kosa la kisarufi, na lugha nyingine zina njia zake za kusema jambo la daima. Hata sayansi huihitaji kauli ya namna hiyo. Tatizo ni kile kinachofichika nyuma yake. Chukua mfano usio na ubishi: maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, ni kweli. Nakawa, takriban mita 1,200 juu ya usawa huo, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Sentensi ya shuleni haikudanganya. Ilisahau kutaja ilikozaliwa.

Katika madai ya lishe, mambo yanayosahaulika kwa kawaida ni matatu: mhusika, yaani dai lilithibitishwa kwa nani, kiasi, yaani chakula hicho ni kingapi na kwa muda gani, na tarehe, yaani dai lilikuwa hitimisho la utafiti wa wakati gani na limepita katika majaribio gani tangu hapo. Sehemu zinazofuata zinazirudishia sentensi tatu mambo hayo.

3.0 "Protini hujenga mwili"

Mgawanyo wa vyakula katika makundi matatu, vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, umefundishwa kwa vizazi katika shule na kliniki za Afrika Mashariki, kwa Kiingereza, Kiswahili na Luganda. Katika mgawanyo huo, ujenzi umekabidhiwa protini peke yake. Ili kuelewa kwa nini neno hilo lilipata uzito mkubwa hivyo katika eneo hili, ni lazima kupanda hadi Mulago.

3.1 Kutoka obwosi hadi pengo la protini

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba, ngozi ikibanduka na nywele zikibadilika rangi. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina lake la Kiga, kwashiorkor, akieleza kuwa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake pindi mwingine anapozaliwa. Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa umbo la kwashakoo, na vilevile kina neno unyafuzi. Huko Buganda ugonjwa wenye dalili hizo ulihusishwa na obwosi, jina ambalo nalo lilimtazama mtoto anayenyonya huku mama yake akiwa tayari ni mjamzito.

Majina haya mawili, kutoka pande mbili za bara, yanafanana katika jambo la msingi: hayataji chakula. Yanataja nafasi ya mtoto katika familia, mpangilio wa uzazi na kukatizwa kwa malezi. Sayansi ililichukua jina la Kiga ikaliacha elimu yake. Huko Mulago, Hugh Trowell aliuona ugonjwa huo kwanza kama aina ya pelagra ya watoto, kabla ya yeye na wenzake kuelekea maelezo ya ukosefu wa protini. Mwaka 1952 ripoti ya Brock na Autret, iliyotolewa na mashirika ya afya na ya chakula ya Umoja wa Mataifa, iliufanya unyafuzi kuwa tatizo la lishe la Afrika nzima. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walichapisha kitabu kilichokuwa rejeleo kuu la ugonjwa huo. Kufikia mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukizungumzia mgogoro wa protini unaoinyemelea dunia.

Katika safari hiyo ya miaka 35, mtoto aliyeondolewa mahali pake aligeuka kuwa mtoto aliyekosa molekuli. Tiba nayo ikafuata jina: maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, vyakula vya kopo vyenye protini nyingi, na mabango yenye picha za mayai, nyama na samaki chini ya neno "kujenga".

3.2 Dai linapopunguzwa

Mwaka huohuo wa 1968 C. Gopalan alionyesha kuwa, miongoni mwa watoto aliowafuatilia nchini India, hapakuwa na tofauti ya wazi ya mlo kati ya waliopata unyafuzi na waliokonda bila kuvimba. Mwaka 1973 kamati ya wataalamu wa mashirika yaleyale ya Umoja wa Mataifa ilipunguza makadirio ya mahitaji ya protini, na kwa kufanya hivyo sehemu kubwa ya "pengo" ikatoweka kwenye karatasi. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la The Lancet makala makali akiuita mkondo mzima balaa la protini. Mwaka 1982 Michael Golden alionyesha kuwa uvimbe wa watoto hao ulipungua bila kutegemea kiasi cha protini walichopewa.

Leo mwongozo wa tiba unasema wazi kile ambacho bango la shule halijasikia. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anapolazwa, huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, yenye takriban gramu 0.9 tu za protini kwa kila mililita 100. Maziwa ya F-100, yenye karibu gramu 2.9, huja baadaye, mwili ukiwa umetulia. Kumjaza protini siku za kwanza kunaweza kumdhuru. Chanzo cha unyafuzi bado kinatafutwa. Jaribio la Malawi lililochapishwa mwaka 2005 halikupata kwamba virutubisho vya kuzuia oksidi vinaukinga. Tafiti nyingine za huko, zilizochapishwa mwaka 2013, zilielekeza macho kwenye vijidudu vya matumboni na kwenye nafasi ya dawa za viuavijasumu katika tiba.

Hitimisho la haya yote si kwamba protini haina kazi. Mtoto anayekua anaihitaji, na vyakula vitokanavyo na wanyama vina madini na vitamini ambazo ndizi na posho hazina za kutosha. Hitimisho ni kwamba "hujenga mwili" ni sentensi inayohitaji kuambiwa ni mwili wa nani. Majaribio mawili ya mayai yanalionyesha hilo kwa uwazi. Nchini Ekwado, watoto wa miezi 6 hadi 9 waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6 waliongezeka urefu kuliko wenzao, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2017. Jaribio la namna hiyohiyo huko Mangochi, Malawi, lililochapishwa mwaka 2019, halikupata tofauti ya jumla ya urefu. Mangochi iko kando ya ziwa, na watoto wengi wa huko tayari walikuwa wakila samaki. Mama wa Luzira anayempa mtoto wake mukene, yaani dagaa wa ziwani, huenda yuko karibu zaidi na Mangochi kuliko na Ekwado, na sentensi "yai hujenga mwili" haina njia ya kumwambia hivyo.

3.3 Sentensi iliyobaki na masharti yake

Mulago yenyewe ilitoa pia mfano wa kinyume. Katikati ya miaka ya 1960 kilianzishwa huko kituo cha lishe cha Mwanamugimu, kilichopewa jina kutokana na methali ya Kiganda inayosema kuwa mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Kilichofundishwa hapo hakikuwa sifa ya kirutubisho bali kazi ya mikono: kitobero, mseto wa chakula kikuu cha nyumbani, maharage au karanga, mboga za majani na, ikipatikana, samaki au nyama, uliopikwa pamoja kwa mvuke kwenye jani la mgomba. Mama aliyekuja na mtoto mgonjwa alijifunza kwa kupika, na aliyoyajifunza aliweza kuyarudia kwa vyungu na shamba lake mwenyewe.

Kwa mhakiki wa lugha, tofauti kati ya bango na kitobero ni ya kimuundo. Bango linasema chakula hufanya nini. Kitobero kinasema nani afanye nini, kwa vitu gani, kwa ajili ya mtoto wa umri gani. Bango limeachwa nyuma na sayansi. Kitobero kimevuka kuporomoka kwa nadharia ya protini bila kujeruhiwa, kwa sababu hakikuning'inia kwenye molekuli moja. Na jina la kituo lilirudisha, kwa kimyakimya, kile kilichokuwamo katika obwosi: mahali pa mtoto mgongoni mwa mama yake.

4.0 "Huongeza damu"

Dai la pili ndilo linalosikika zaidi sokoni na ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Mzizi wake umo katika istilahi. Kiswahili huita hali ya himoglobini kuwa chini "upungufu wa damu". Jina hilo linaielekeza akili kwenye ujazo, kana kwamba mwili ni dumu lililopungua, na linachodai ni kujazwa. Rangi huja kusaidia: chenye wekundu ndicho kijazio. Hivyo bitiruti imepata cheo ambacho takwimu hazikipi, kwani gramu 100 zake zina chini ya miligramu 1 ya madini ya chuma. Maharage yaliyopikwa na mboga za dodo, yaani mchicha, hukaribia au kuvuka miligramu 2, bila wekundu wowote. Hata hivyo kiasi kilichomo si kiasi kinachofyonzwa: vitamini C katika mlo husaidia ufyonzwaji wa madini ya chuma ya mimea, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huuzuia.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno lenye maarifa zaidi. Safura ni ugonjwa wa kupaukiwa na kudhoofika unaoletwa na minyoo wanaonyonya damu matumboni. Neno hilo, kama obwosi, linabeba chanzo. Anayeambiwa ana safura anajua kuna mnyoo wa kutolewa. Anayeambiwa ana upungufu wa damu anatafuta cha kuongeza. Lakini damu hupungua kwa sababu nyingi: minyoo, malaria, kutokwa na damu, ukosefu wa madini ya chuma, na selimundu. Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wana chembe moja ya urithi wa selimundu, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Mtoto wa kundi hilo la pili hakosi kitu ambacho juisi nyekundu inaweza kumrudishia, na kila wiki inayopita kabla ya kupimwa ni wiki ya hatari kwake.

Jaribio kubwa la sentensi hii lilifanyika katika ardhi ya Waswahili. Kisiwani Pemba, watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa katika makundi, baadhi wakipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Nia ilikuwa njema na mantiki ilionekana timilifu: watoto wengi hawana damu ya kutosha, basi waongezewe. Mwezi Agosti 2003 utoaji wa madini hayo ulisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa na Sazawal na wenzake mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 12 wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi mno.

Lakini ripoti hiyohiyo ina ukurasa wa pili ambao hutajwa mara chache. Katika kundi dogo lililopimwa damu tangu mwanzo na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa kweli na ukosefu wa madini ya chuma walinufaika. Tone lilelile lilimfaa mmoja na kumdhuru mwingine. Hakuna njia ya kuisema kweli hiyo kwa sentensi "madini ya chuma huongeza damu". Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake: katika maeneo ya malaria, watoto wapewe madini hayo sambamba na kinga, upimaji na tiba ya malaria. Sharti limerudi katika mwongozo. Halijarudi katika lugha ya mtaani wala kwenye vibandiko vya chupa.

Ni lazima kuweka mpaka hapa ili hoja isitumiwe vibaya. Matokeo ya Pemba yalihusu virutubisho kwa watoto wadogo, si maharage na dodo mezani. Wala hayamhusu mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma kliniki. Ushauri huo una ushahidi wake na unapaswa kufuatwa. Madhara ya sentensi ya sokoni ni ya namna nyingine: inamridhisha mzazi wa mtoto aliyepauka kwamba amekwisha kutibu, kabla hajauliza ni nini kilichoipunguza damu hiyo.

5.0 "Chakula cha asili hukinga"

Dai la tatu linaweza kupitiwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa hatima yake ni ya heri. Trowell, baada ya takriban miaka 30 ya kazi Kenya na Uganda, alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu maradhi yasiyo ya kuambukiza Afrika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi 1966, alisisitiza baadaye kuwa maradhi ya utumbo mpana yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa nadra Mulago, akaunganisha tofauti hiyo na nyuzinyuzi za chakula. Kutokana na kazi yao na ya wenzao, dunia ilianza kuyatafuta makapi iliyokuwa ikiyatupa.

Udhaifu wa ushahidi wa mwanzo ulionekana upesi. Hospitali huhesabu wanaofika, si wanaougua. Na jamii yenye vijana wengi huwa na saratani chache za uzeeni. Tafiti za Marekani za mwaka 1999 na 2000 hazikuona kinga iliyotarajiwa dhidi ya saratani au vivimbe vya utumbo mpana. Utafiti mkubwa wa Ulaya wa mwaka 2003 uliiona. Uchambuzi wa Reynolds na wenzake wa mwaka 2019 ulihitimisha kuwa faida kwa moyo, kisukari na utumbo huonekana zaidi kwa wanaokula gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku. Dai limesalia, dogo kuliko lilivyoanza, lakini sasa lina kiasi.

Istilahi zetu zimehifadhi historia hiyo bila kukusudia. Machapisho ya lishe ya Tanzania huita nyuzi hizo makapimlo, neno linalotokana na kapi, kitu cha kupepetwa na kutupwa. Kwingine huitwa nyuzilishe, neno linalozihesabu kuwa lishe. Istilahi moja inasema kama enzi ya kabla ya Burkitt, nyingine kama enzi ya baada yake, na mwanafunzi anaweza kukutana na zote mbili asijue kuwa zinataja kitu kimoja.

Kinachobaki kuhakikiwa ni neno "asili". Asili ya mwaka gani? Ndizi zilifika ukanda huu zamani sana zikitokea Asia. Mahindi, mihogo, karanga na viazi vitamu vyote vilitoka bara la Amerika. Posho ya Nakawa, unga mweupe uliokobolewa, huhesabiwa na wengi kuwa chakula cha kikwetu, na bado imeondolewa sehemu kubwa ya nyuzi ambazo zingeifanya istahili sifa inayopewa. Tofauti yenye maana kiafya si kati ya cha asili na cha kigeni; ni kati ya sembe na dona, na maneno hayo mawili Kiswahili kinayo tayari.

6.0 Pingamizi na mapendekezo

Mtunga sera anaweza kupinga, na pingamizi lake ni zito. Muuguzi wa Naguru ana dakika chache kwa kila mama. Sentensi fupi hukumbukwa, masharti husahaulika. Bora "kula dodo, huongeza damu" kuliko mhadhara kuhusu Pemba.

Jibu limo katika historia ya afya ya umma yenyewe. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki walifundishwa kuchanganya maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa mtoto anayeharisha. Hiyo ni sentensi yenye mhusika, kiasi na sharti, na ilibebwa midomoni bila shida. Watu hawashindwi na namba. Hushindwa na namba zisizowaelekeza kufanya lolote. Kiswahili nacho kina zana zinazotosha. Kiambishi -ki- hubeba sharti kwa silabi moja: mtoto akipauka, apimwe kwanza. Neno "huenda" hubeba kiwango cha uhakika bila kuvunja heshima ya msemaji.

Kwa hiyo yanapendekezwa mambo manne kwa wanaoandaa, kutafsiri na kuidhinisha matini za afya kwa Kiswahili.

Kwanza, kabla sentensi ya lishe haijatafsiriwa, iulizwe: kwa nani, kiasi gani, kwa sharti gani, na tangu lini? Isiyo na jibu kwa swali la kwanza isiingie kitabuni. Miongozo ya Codex ya madai ya lishe na afya, iliyopitishwa mwaka 1997, tayari huyadai mambo ya namna hii kwa vibandiko vya bidhaa. Hakuna sababu kitabu cha shule kipimwe kwa kipimo cha chini kuliko kopo.

Pili, hu- iachiwe mambo yasiyotegemea mlaji. Ushauri uandikwe kwa kitenzi chenye nafsi, ili msomaji ajue ni yeye anayeambiwa au ni mwingine.

Tatu, istilahi zisanifishwe kwa kuzingatia zinachoelekeza kufanya. "Upungufu wa damu" hauwezi kuondolewa katika matumizi, lakini kila unapofundishwa ufundishwe pamoja na vyanzo vyake, na safura irudishwe mahali pake. Kazi hii inazihusu Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyuo vinavyoandaa walimu, Kyambogo kikiwa jirani wa karibu wa soko linalozungumziwa hapa.

Nne, maarifa ya lugha za wenyeji yasichukuliwe kama kikwazo cha kuvukwa. Obwosi ilijua jambo kuhusu nafasi kati ya uzazi ambalo nadharia ya protini ililipoteza kwa zaidi ya miaka 30. Mfasiri anayelikuta neno kama hilo aulize linajua nini kabla ya kuliwekea kisawe.

7.0 Hitimisho

Sentensi tatu zilizohakikiwa hapa zimepata hatima tatu tofauti. Ya protini ilivimba kuliko ushahidi wake na ikapunguzwa, ingawa bango halikuambiwa. Ya damu iligawanyika: kweli kwa mmoja, hatari kwa mwingine. Ya nyuzinyuzi ilitikisika ikabaki, ikiwa na kipimo. Katika Kiswahili cha kila siku zote tatu zimevaa kiambishi kimoja na zinasikika sawa, na msikilizaji hana namna ya kujua ipi ni ipi.

Uganda ina nafasi ambayo majirani zake hawakuwa nayo. Tanzania na Kenya zilijenga Kiswahili chao cha lishe wakati nadharia ya protini ilipokuwa kileleni au ilipokuwa ndiyo kwanza inashuka, na zimerithi msamiati wa enzi hiyo. Vitabu vya Uganda bado vinaandikwa. Kitabu cha shule kikishachapishwa hudumu darasani kwa miaka mingi, na mtoto aliyekisoma huja kuwa mama, muuguzi au muuza mboga. Sentensi atakazozibeba kutoka darasani hadi sokoni zinaandikwa sasa, na gharama ya kuzirudishia masharti yake kabla ya kuchapwa ni maneno machache tu katika kila ukurasa.